Mwanangu hawezi tena kunyanyua kikombe: tumchangie mkono wa roboti?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 14, ana ugonjwa wa misuli wa Duchenne, na aliacha kutembea akiwa na miaka 11. Sasa mikono nayo inakwisha. Mkono mtupu bado anaufikisha mdomoni kwa taabu, lakini kikombe cha chai kinamshinda, na tonge la ugali analifuata kwa kuinamisha kichwa mpaka kwenye sahani. Kaka yangu aliyeko Rotterdam ametutumia video ya kijana mwenye ugonjwa huohuo, amefungwa mkono wa roboti na anakula mwenyewe. Ukoo umefungua grupu la WhatsApp la mchango. Baba yake anasema fedha hiyo ni heri inunue wilichea ya umeme. Shangazi zake wanasema mashine itaimaliza kabisa misuli iliyobaki. Nimsikilize nani? – Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari, ni mtoa tiba kwa vitendo. Kazi yangu ni vijiko, vifungo vya shati, kalamu na mambo mengine madogo ambayo mtu hayaoni mpaka siku yanapomshinda. Nimeitazama video uliyoambatisha mara tatu, na nitaanza nayo, maana mmeitiana mchango kwa jina lisilo lake.

Kile si roboti. Tazama tena pale kijana anapogeuza mkono: chini ya kigasha chake, hapa kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kuna kibati kilichopinda kama nusu ya bomba, kimefunikwa kwa sponji. Kibati hicho kimeshikwa na chuma chenye maungio mawili matatu, na chuma kimefungwa ubavuni mwa wilichea. Ndani ya chuma kuna springi. Hakuna mota inayompeleka mkono mdomoni. Anaupeleka mwenyewe, kwa misuli yake ileile dhaifu. Springi imembebea uzito tu.

Kinachomshinda mwanao kwa sasa ni uzito wa mkono wenyewe. Mkono mzima wa binadamu, kuanzia bega mpaka ncha za vidole, una uzito wa karibu asilimia 5 ya mwili. Mtoto wa kilo 40 anabeba kilo 2 kila upande kabla hajashika kitu chochote. Duchenne huanza na misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili: nyonga na mapaja kwanza, ndiyo maana aliacha kutembea, kisha mabega, kisha viwiko. Vidole huja mwisho kabisa. Kwa hiyo kuna miaka ambayo mtoto ana vidole vizima, anaweza kuandika, kubonyeza simu, kukunja tonge, lakini vidole hivyo vimekwama mapajani kwa sababu bega haliwezi tena kuvipeleka panapotakiwa.

Nilipata kumwona kijana akijikuna kidevu kwa kutembeza vidole juu ya shati lake, kifungo kwa kifungo, kama kaa anavyopanda mwamba. Alipofika kwenye ukosi akapumzika, akamalizia. Hakuna aliyemfundisha. Vidole vyake vilikuwa na kazi zote, bega lake ndilo lililokwisha.

Wahandisi walilijua hilo zamani. Tangu zama za polio huko Marekani watu walifungiwa vibati vya kubeba kigasha kwenye viti vyao, bila umeme wowote. Nao ujanja wa springi umo kwenye kitu ambacho pengine umekiona ofisini: ile taa ya mezani yenye shingo ya maungio, ukiiacha juu inakaa juu, ukiivuta chini inakaa chini, haidondoki. Mwingereza George Carwardine, aliyekuwa mhandisi wa magari, alibuni mpango wake wa springi mwaka 1932. Springi zinavuta juu kwa kiasi kilekile ambacho uzito unavuta chini, popote taa ilipo. Ondoa taa, weka mkono wa mtoto, hesabu ni ileile. Chuo kikuu cha Delft, huko huko Uholanzi aliko kaka yako, Just Herder na wenzake walitumia hesabu hiyo kutengeneza kifaa kiitwacho Armon. Marekani kuna kingine kilichotoka kwenye hospitali ya watoto ya Nemours huko Delaware, kazi ya Tariq Rahman, kinaitwa WREX. Herufi ya R kwenye jina hilo ni ya neno roboti, lakini ukikifungua utakuta mipira ya kuvutika, jamaa wa rababendi na manati. Mtoto akiongezeka uzito unaongeza mpira. Baadaye walianza hata kukichapa kwa plastiki kwa mashine ya kuchapa vitu, ili kiwe chepesi vya kutosha kuvaliwa na mtoto mdogo.

Roboti wa kweli nao wapo. Anayejulikana zaidi ni JACO wa kampuni ya Kinova ya Kanada. Mwanzilishi wake mmoja, Charles Deguire, alikuwa na wajomba watatu wenye ugonjwa wa misuli, na mmoja wao, Jacques, alijiundia mwenyewe mkono wa kuokotea vitu. Jina la JACO limetokana naye. Huo ni mkono wa pili kabisa, wenye vidole vitatu, unaokaa ubavuni mwa wilichea ya umeme na kuendeshwa kwa kile kijiti kinachoendesha kiti. Haubebi mkono wa mtu. Unafanya kazi badala yake. Ni wa mtu ambaye mkono wake hauna tena cha kubebewa. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Vifaa vya springi ni maelfu ya dola, vingine vyenye mota ndogo za kurekebisha nguvu ya springi vinapanda zaidi. Kaka yako anaviona vingi kwa sababu kule bima ya afya huvilipia, na fundi huja mpaka nyumbani na bisibisi yake.

Sasa wasiwasi wa mashangazi, ambao si wa kijinga hata kidogo. Watu wengi wamezoea kuona mguu uliofungwa plasta ukitoka mwembamba. Lakini fikiria kinachotokea mkono usipobebwa: mtoto anajaribu mara mbili tatu, anachoka, anaona aibu mbele ya wenzake, anaacha. Mnaanza kumlisha. Hapo ndipo misuli inapokaa kweli bila kazi. Huko Nijmegen, Uholanzi, Merel Jansen na wenzake waliwapima vijana 30 wenye Duchenne. Kundi moja liliendesha baiskeli maalumu inayosaidiwa na mota, dakika 15 miguu na dakika 15 mikono, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 24. Matokeo yalitoka mwaka 2013: walioendesha walibaki karibu pale walipokuwa, wenzao wakashuka. Ugonjwa haukupona, lakini mwendo mwepesi uliosaidiwa haukuwamaliza. Ulipunguza kasi ya kuporomoka.

Kinachomuumiza mtoto wa Duchenne ni kubebeshwa mizigo na kulazimishwa mpaka achoke. Hakuna kunyanyua vyuma wala ndoo eti aimarike. Mkiona maumivu ya misuli siku ya pili, au mkojo wenye rangi ya kokakola, mmepita kiasi, na huo mkojo mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Baba yake je? Kwenye mpangilio wa fedha niko upande wake, kwa sababu tofauti kidogo na zile ambazo huenda alizitoa. Kifaa cha kubeba mkono lazima kishikwe na kitu kisichoyumba, na mkono wenyewe umeota kwenye kiwiliwili. Mtoto akikaa amepinda upande, akijishikiza kwa kiwiko ili asianguke, huwezi kumwambia auachie mkono huo ukale chakula. Ndio nguzo yake. Kiti kwanza. Makalio yakae sawa, mbavu zishikwe pande zote mbili, miguu ikanyage. Hata wilichea ya kusukumwa, ikiwa imepimwa kwa mwili wake na si ile kubwa ya wagonjwa wa wodini, inarudisha sehemu ya matumizi ya mikono. Ya umeme inampa zaidi, maana kijiti chake kinataka vidole tu, na vidole anavyo. Ila mwambie mzee aangalie barabara ya kwenu kabla ya kulipa: viti hivyo ni vizito, vingi vinazidi kilo 100, na kwenye mchanga au ngazi vinageuka kazi ya watu wanne. Niliwahi kuona kimoja cha msaada kimegeuzwa kochi sebuleni kwa sababu betri zilikufa na hakuna aliyejua zinauzwa wapi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT. Anzieni huko kwa vipimo vya kiti na mabanzi ya mikono, yaani vibao vya kushikilia mkono ukiwa umenyooka, kabla hamjaagiza chochote kwa mtandao.

Kitu cha pili kabla ya kifaa chochote: viungo visikakamae. Mwambie mwanao anyooshe viganja juu, kama mtu anayeomba dua. Vinageuka vyote, au vinaishia kutazamana? Kwenye Duchenne kigasha hupenda kuganda kikiwa kimetazama chini, na mkono uliotazama chini hauleti kijiko mdomoni hata ukibebwa na springi ya dhahabu. Nyoosha kiwiko chake taratibu, je, kinanyooka? Rudisha kifundo cha mkono nyuma vidole vikiwa vimenyooka, je, vidole vinajikunja vyenyewe? Kama vinajikunja, misuli ya upande wa kiganja imeanza kufupika. Mnyoosheni kila siku baada ya kuoga maji ya moto, kila pozi mkilihesabu taratibu mpaka 30, bila kumuumiza. Banzi la kulalia linasaidia vidole. Kijana aliyeshika kunyoosha huyu atakitumia kifaa kwa miaka. Aliyekakamaa mtakinunua kikae uvunguni.

Je, wakati wake umefika? Kwa maelezo yako, ndiyo. Kuna ngazi tunayoitumia kupima mikono, inaitwa Brooke, ina vidato 6. Cha kwanza mtu anainua mikono yote mpaka inagusana juu ya kichwa. Cha tatu hawezi hilo, lakini glasi ya maji anaileta mdomoni. Cha nne glasi hawezi, mkono mtupu anaweza. Cha tano hata mkono mtupu haufiki, ila vidole bado vinaokota sarafu mezani. Cha sita hakuna kazi ya mkono. Mwanao yuko cha nne. Vifaa vya springi vinafaa kuanzia mtu anapotoka cha tatu mpaka cha tano, na anayeanza mapema hujifunza vizuri zaidi kuliko anayeletewa mkono ukiwa umeshasahau njia ya kwenda mdomoni.

Kabla ya mchango kuiva, jaribuni kwanza kwa gharama ya soda.

La kwanza ni meza. Ipandisheni kwa matofali mpaka ifike karibu na kwapa lake, aweke viwiko juu yake. Kiwiko kikilala mezani, bega halibebi tena. Kinachobaki ni kukunja kiwiko, na hicho bado anacho. Sahani iwe na ukingo, ikae juu ya kitambaa kilicholowa isiteleze. Kijiko chepesi, mpini mrefu. Chai kwa mrija. Watoto wangu wengi wa kidato cha nne cha Brooke wamepata mwaka mzima wa kula wenyewe kwa meza tu, na wazazi hunitazama kwa mashaka kana kwamba nimewanyima dawa.

La pili linataka mikono ya fundi. Tafuteni roda mbili ndogo, kamba laini ya nailoni, kipande cha khanga chenye upana wa vidole vinne, na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Roda moja ifungwe kwenye kenchi au boriti, juu kabisa, usawa wa mbele kidogo ya bega lake. Ya pili nyuma ya kiti, pembeni, mahali ambapo mtu hapiti. Khanga ipite chini ya kigasha, karibu na kiwiko kuliko kifundo cha mkono: ukigawa kigasha mafungu matatu, iwe mwisho wa fungu la kwanza kutoka kiwikoni. Hapo kigasha kitapembea kama mizani, mkono ukishuka kwenye sahani kiwiko kinapanda, na kinyume chake. Kamba ipite kwenye roda zote, mwisho wake chupa.

Kwa mtoto wa kilo 40, anzeni na lita moja ya maji, maana lita moja ni kilo moja. Mwambie aulegeze mkono. Ukizama, ongezeni maji, nusu glasi kwa nusu glasi. Mara nyingi mtaishia kati ya lita moja na robo na moja na nusu. Uzito uliobaki unashikwa na bega lenyewe. Mtaona wenyewe mkono ukifika mahali unasimama hewani, haupandi haushuki. Hapo punguzeni kidogo. Nasisitiza hili kwa sababu kila mzazi hutaka kuongeza: mkono uliobebwa kupita kiasi unaelea juu kama puto, na mtoto hana nguvu ya kuushusha. Niliwahi kumweka mmoja hivyo, mkono ukabaki usawa wa sikio kama anaomba kujibu swali darasani. Alicheka yeye, mimi niliona haya.

Roda ikae juu kwa sababu kamba fupi inaurudisha mkono katikati kila akitaka kwenda pembeni; kamba ndefu inamwachia. Fundo la chupa likaguliwe kila siku. Asiachwe peke yake akiwa amefungwa, kamba isipite karibu na shingo, bega likiuma acheni. Na mkimhamisha kutoka kitini msimnyanyue kwa makwapa, leo wala siku yoyote. Mabega haya hayana misuli ya kujishikilia.

Mtagundua kasoro moja. Mkono utakuwa mzito kuanza na mgumu kusimama, kwa sababu kila akiusogeza anaisogeza na chupa. Kwa kula haidhuru. Kwa kufukuza mbu aliyetua shavuni, mbu atashiba kwanza. Hiyo ndiyo tofauti mnayoilipia kwenye springi: zinabeba uzito bila kuongeza uzito mwingine. Lakini wiki mbili za chupa zitawaonyesha kitu ambacho video haiwezi: kama yeye mwenyewe anakitaka. Wapo vijana wanaokataa. Wanasema bora mdogo wangu anilishe tupige stori kuliko kufungwa kama ng'ombe. Ana miaka 14, muulizeni yeye, faragha, si mbele ya grupu.

Akikitaka, basi kazi ya kaka yako Rotterdam ni hii. Vifaa vilivyotumika vipo, lakini asinunue kwa picha. Aulize ni cha mkono wa kulia au wa kushoto, springi zake zinabeba uzito wa kuanzia wapi mpaka wapi, na kishikio chake kinafungwa kwenye bomba la unene gani. Vingi vimetengenezewa aina moja ya wilichea ya umeme na vikifika huku havina pa kukaa. Kipo kinachobanwa kwenye meza, na kwa nyumba isiyo na kiti cha umeme mimi ningeulizia hicho. Achague kisichohitaji betri.

Wala msitegemee kifaa hiki kimsaidie chooni au kuvaa suruali. Hakifiki huko. Kula, kuandika, simu, kujikuna uso, kucheza drafti na wenzake: hapo ndipo mahali pake. Kwa kuandika masomo, simu yake ikishikizwa kwenye meza ileile ya matofali inaweza kuandika Kiswahili anachotamka, na hilo mnaweza kuanza leo jioni.

Mkishafunga kamba, niandikie mambo mawili: maji yaliishia wapi kwenye chupa, na kiganja kiligeuka kiasi gani kwenye ile dua. Nikipata hayo nitakuambia kama mseme na kaka yako sasa au tuanze na banzi.